Kompyuta Iliyopelekwa Homa Bay

Walikuja wawili, mchana, mvua ikiwa imekatika punde tu na matope ya Migori yameingia hadi mlangoni mwa chumba changu cha kupigia chapa. Hawakupangusa viatu. Mmoja alikuwa mnene, koti lake la kijivu likimbana kwapani. Wa pili alikuwa kijana mrefu ambaye kazi yake, kama nilivyokuja kujua, ilikuwa kuendesha gari na kunyamaza. Yule mnene alizitazama taipureta zangu mbili, akaitazama kalenda ya kanisa ukutani, kisha akanyoosha kidole.

"Kompyuta hii ni ya nani?"

"Yangu, afande." Hakuwa amevaa sare, lakini neno lilinitoka lenyewe.

"Washa."

Nikawasha. Ilikuwa mashine ya zamani hata kwa wakati ule, sanduku zito lenye rangi ya maziwa yaliyochacha, na ikiwaka ilinguruma kama kinu cha kusagia mahindi kinachosikika kutoka ng'ambo ya mto. Ikapiga mlio mmoja, ikahesabu tarakimu zake nyeupe, kisha ikasimama palepale ilipokuwa ikisimama kila asubuhi wiki hiyo, ikidai neno la siri.

"Haya, andika."

"Silijui, afande."

"Kompyuta ni yako na hujui paswadi?"

"Aliyeiweka ni shemeji yangu. Hayupo."

Akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa. Hapo nikajua kwamba sitalala kwangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Watu walikuwa wakitaka vyama vingi, na asubuhi nyingine sokoni palikuwa pakiokotwa karatasi ambazo hakuna aliyezikubali kuwa zake. Ukiikuta mlangoni pako unaisukuma kwa mguu hadi kwenye mtaro, hata kama umeshaisoma. Sisi tuliokuwa na mashine za kuandikia tulikuwa na hofu zaidi ya wengine, maana kila karatasi imeandikwa mahali fulani, na Migori mahali pa namna hiyo palihesabika haraka. Nilisikia habari za mwanamume mmoja aliyechukuliwa pamoja na mashine yake ya kurudufia. Mashine ilirudi kabla yake.

Hofu hiyo sikuianza siku hiyo. Nilijifunza taipu miaka ya sitini, karibu na mwisho wake, nikiwa msichana aliyetoka nyumbani kwao karibu na Rangwe na sanduku la bati. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika ofisi moja mjini Homa Bay. Mkubwa wangu alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, na jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa pambizo wala nafasi kati ya mistari. Alinipeleka nyuma ya ofisi jioni, akanipa kiberiti, akaniambia nichome karatasi zote za kaboni nilizotumia mchana. "Binti," akasema, "vidole vyako visome, macho yako yasisome." Kwa hiyo nilijizoeza. Hadi leo naweza kupiga kurasa tatu na ukiniuliza nisijue zilihusu nini. Kwa miaka mingi nilidhani ustadi huo ungenilinda.

Baadaye niliolewa, nikahamia Migori, nikafungua chumba changu. Mume wangu alikuwa akifundisha shule ya msingi kule Mfangano na alirudi likizo kwa likizo. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akinisaidia kazini. Chumba chenyewe tulikipanga kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka la vyuma na rangi jirani yetu, mzee aliyekuja kutoka Pwani akiwa kijana na hakurudi. Ni yeye aliyetuletea kompyuta ile, kutoka ofisi fulani ya Mombasa iliyokuwa ikifungwa. Ilikuja kama ilivyo. Kilichokuwa tumboni mwake hatukukijua na hatukuuliza. Mimi nilijifunza kuandikia programu za mazishi, mitihani ya shule na barua za kuomba kazi. Shemeji alijifunza mengine.

Siku chache kabla ya wale watu kuja, shemeji alisema anakwenda Muhuru kutafuta dagaa wa omena wa kuuza, atarudi Jumapili. Jumatatu hakuwa amerudi, na nilipoiwasha kompyuta ikaniuliza neno ambalo haijawahi kuniuliza. Nilijiambia ameifunga kwa sababu ya watoto wa majirani waliozoea kuingia kucheza michezo. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Lakini nilikumbuka pia kwamba majuma yaliyopita, mara mbili niliporudi kutoka sokoni, aliuzima mwanga wa kioo niliposukuma mlango, akaanza kuniuliza bei ya nyanya.

Hayo yote yalinipita kichwani wakati mnene yule akiizungusha kompyuta aone mgongo wake. Akainama.

"Na hili tundu ni la nini?"

Lilikuwa tundu dogo la mraba, kwenye ubamba wa chuma. Sikuwahi kuliona.

"Sijui, afande."

"Hujui paswadi, hujui tundu." Akamtazama mwenzake. "Hapa ndipo unapoingia waya wa redio. Wanaongea na watu walio Tanzania."

Waliitoa nje wao wenyewe, lakini ndani ya Land Rover yule mnene aliniwekea magotini. Alisema ikivunjika njiani nitaeleza mimi. Mzee wa duka la vyuma alikuwa amesimama mlangoni pake na kofia yake mkononi. Nilimwomba kwa macho awaangalie watoto wangu, na yeye akainamisha kichwa. Mtaa mzima uliokuwa ukipiga kelele asubuhi ulikuwa umenyamaza kama darasa mwalimu akiingia.

Tulipita Rongo, tukakata kuelekea Rodi. Kila shimo nililikumbatia lile sanduku kama mtoto mgonjwa. Wanawake walikuwa wakitembea kando ya barabara na vikapu vichwani, wakicheka, na niliwaonea wivu ambao sijawahi kumwonea mtu mwenye mali. Nilikuwa nikijiuliza swali moja tu. Kama shemeji ameandika kitu humu, je, ni bora ifunguke au isifunguke? Ikifunguka, amekwisha. Isipofunguka, nimekwisha mimi.

Walitupeleka, mimi na kompyuta, kwenye nyumba isiyo na kibao huko Homa Bay, si mbali na ziwa. Usiku ule sitauandika sana. Hawakunipiga. Walinipa benchi na blanketi lenye harufu ya mafuta ya taa, wakaiweka kompyuta juu ya meza mbele yangu, wakafunga mlango. Nilikaa nikiitazama. Nilijaribu kukumbuka kila kitu ambacho vidole vyangu viliandika tangu tuinunue, na kwa sababu ya ule ustadi wangu sikuweza kukumbuka karibu chochote.

Asubuhi walimleta mwanamume mwembamba mwenye miwani, shati lake limefungwa vifungo kombo. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari ya huko, na sifa yake ilikuwa kwamba aliwahi kuitengeneza kompyuta ya shule yao. Walikuwa wamemtoa darasani. Mkononi alikuwa bado ameshika kipande cha chaki.

"Mwalimu," mnene akasema, "fungua hii kitu. Nataka paswadi itoke, na nataka kujua hili tundu ni la nini. Usiharibu."

"Ndiyo, mkubwa."

Alitoa skrubu akazipanga ndani ya kifuniko cha chupa. Bisibisi yake ilikuwa ikigonga chuma kama mtu anayepiga hodi. Kifuniko kilipotoka tuliona vumbi la Mombasa, mende mmoja mkavu, na vibamba vya kijani vilivyosimama wima vimechomekwa kwenye nafasi zao kama vitabu kwenye rafu. Kimoja, kirefu, ndicho kilichokuwa na lile tundu.

"Tuanze na paswadi," mwalimu akasema. Alituonyesha betri ndogo ya buluu iliyokaa pembeni, na karibu nayo vipini vitatu vilivyosimama, viwili vimevikwa kikofia cheusi cha plastiki kisichozidi punje ya mchele. "Paswadi inakaa kwenye kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri hii. Nikihamisha hiki kikofia kwa muda, kumbukumbu inakosa umeme. Mashine inasahau."

"Inasahau nini?"

"Paswadi, mkubwa."

Mnene alikubali. Wakati huo simu ikalia chumba cha pili, akaenda kuipokea. Dereva alikuwa nje akivuta sigara. Mwalimu hakuinua kichwa. Aliongea Dholuo, lugha yetu, polepole, kama mtu anayehesabu skrubu.

"Mama, kuna kitu humu ndani?"

"Sijui."

"Kama kipo, mimi naweza kukosea. Hizi mashine hufa bure. Diski ikiguswa vibaya, hakuna atakayejua ilikuwa na nini. Sema tu."

Nimeyasikia maneno hayo maisha yangu yote yaliyofuata. Alikuwa akinipa mlango wa kutokea, na mimi niliutazama mlango ule nikaona mdomo wa mtego. Ni nani aliyemleta mtu huyu? Si wao? Mtu asiye na hatia angejibu nini? Nikikubali, nimekiri. Na kama ni mtu mwema kweli, nikikataa ninaweza kuwa nimempeleka mtoto wa mama mkwe wangu gerezani kwa mdomo wangu.

"Fanya ulichoambiwa, mwalimu," nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha pili.

Aliniangalia mara moja. Macho yake nyuma ya miwani yalikuwa kama ya mtu aliyechomwa na sindano. Kisha akakibana kile kikofia kwa kucha, akakihamisha.

Mnene aliporudi tuliiwasha. Ikalia, ikahesabu. Haikuuliza neno la siri. Nilikuwa nimeanza kupumua ndipo maandishi yakatokea katikati ya kioo, ya Kiingereza, machache. Mwalimu aliyasoma akabadilika rangi.

"Inasema nini?" mnene akauliza.

"Inasema... haioni diski."

"Haioni namna gani?"

"Inasema haina diski, mkubwa."

Mnene akafunga mlango kwa mguu. "Nilitoka dakika moja tu. Mmeongea nini nyinyi wawili? Mmeua ushahidi!"

Nilidhani mwalimu amefanya alichoniambia, pamoja na kukataa kwangu. Nilimchukia kwa moyo wote. Lakini nilipomtazama nikaona jasho likishuka kutoka kwenye nywele hadi kwenye kola, na nikaelewa kwamba yeye ana hofu kuliko mimi.

"Mkubwa, nisikilize. Imesahau paswadi, na imesahau na mengine. Hizi za zamani lazima uziambie diski yao ina ukubwa gani, ndio ziione. Diski ni nzima. Naomba niitoe nisome kibandiko chake."

"Ukiikosa, mtaeleza wote wawili."

Aliifungua diski kutoka mahali pake, kisanduku kizito cha chuma chenye kibandiko kilichokwaruzika. Miwani yake ilikuwa imejaa ukungu wa jasho. Aliivua, akaipangusa kwa shati, ikajaa tena. Mwishowe akanisukumia.

"Nisomee, mama. Hizi tarakimu hapa."

Nilizisoma kwa sauti, moja moja, na yeye akaziandika kwenye ukurasa wa buluu wa mipangilio. Tarakimu moja ilikuwa imefutika nusu, inaweza kuwa tatu, inaweza kuwa nane. Nikasema tatu. Tukaiwasha, haikuona. Mnene alikuwa amesimama nyuma yangu karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nikasema, "Basi ni nane." Mashine ikanguruma, taa ndogo nyekundu ikaanza kumetameta, na herufi nilizozizoea zikapanga mstari juu ya kioo. Mwalimu alikaa chini kwenye sakafu.

Nilidhani sasa watasoma yaliyomo. Mnene alitaka kwanza redio yake.

"Hiki kibamba," akasema. "Nionyeshe kinafanya nini."

Mwalimu akaeleza kwamba si redio, kwamba ni kadi ya simu: unachomeka waya wa simu pale kwenye tundu, na kompyuta inaweza kupeleka maandishi kwa kompyuta nyingine. Alivyozidi kueleza ndivyo uso wa mnene ulivyozidi kukunjamana. Kupeleka maandishi mbali bila posta hakukusikika kama jambo la afadhali.

"Nionyeshe," akasema tena.

Kadi haikuitika. Mwalimu aliandika amri, kioo kikakaa kimya. Alieleza kwamba mashine iliposahau mipangilio yake iliamsha mlango wake mwingine wenye namba ileile ya kadi, na sasa ni kama watu wawili wanaoitwa jina moja, ukiita hakuna anayejua ni nani aitike. Ilibidi aizime, aichomoe kadi, ahamishe vikofia vingine vidogo vilivyokuwa juu yake ili ipate namba ya peke yake, airudishe, ajaribu. Mara ya kwanza mashine ilikataa hata kuwaka hadi mwisho. Akahamisha tena. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko cha chupa chenye skrubu kwa mikono miwili, na nakumbuka skrubu zilivyokuwa zikilia ndani yake ingawa nilijitahidi kutulia.

Mwisho kadi ikajibu. Wakaleta simu ya ofisi, wakachomoa waya wake wakauchomeka kwenye lile tundu. Mwalimu akaandika amri. Pakasikika mkwaruzo ndani ya sanduku, halafu, kutoka tumboni mwa kompyuta yangu, sauti ya mwanamke ikasema kwa uchovu:

"Namba gani?"

Dereva, aliyekuwa ameingia kutazama, akaruka hadi ukutani. Mnene akapeleka mkono chini ya koti lake, na mimi nikafumba macho.

"Haloo? Namba gani? Nani huyo anapumua tu hapo?"

Alikuwa opereta wa simu wa mjini. Siku hizo ukiinua simu ndiye aliyekuitikia. Kadi ilikuwa imeinua simu, basi, kama mkono wa mtu. Opereta akasema maneno mawili ya kutukaripia akakata. Mnene aliutoa mkono chini ya koti, mtupu, akausugua kwenye suruali. Nilitegemea mtu atacheka. Hakucheka mtu.

"Hiyo itabaki," akasema. "Ondoa."

Kisha akavuta kiti mbele ya kioo, akaniambia nimfungulie mafaili, moja baada ya jingine.

Alisoma programu za mazishi hadi jua likasimama juu ya mabati. Marehemu alizaliwa, marehemu alisoma, marehemu ameacha wajane na watoto. Alisoma mtihani wa jiografia wa darasa la sita. Halafu tukafika kwenye jina ambalo sikulijua: MKUTANO.

"Mkutano gani huu?"

"Sijui, afande. Hili sikuliandika mimi."

"Fungua."

Lilikuwa fupi, nusu ukurasa. Kulikuwa na siku, Jumamosi, na mahali, nyuma ya kanisa. Chini yake: sauti ya kwanza waje mapema, sauti ya pili na ya tatu wakutane peke yao, sauti ya nne wasimwambie mtu mpaka wawe tayari.

Mnene alilisoma, akalisoma tena midomo yake ikitembea.

"Hawa sauti ya nne ni akina nani?"

Nilielewa hapohapo, na badala ya kufurahi niliogopa zaidi, kwa sababu niliona kwamba ukweli wenyewe unafanana na uongo. "Ni kwaya, afande. Shemeji yangu ni mwalimu wa kwaya. Sauti ya nne ni wanaume wazito, wa chini. Walikuwa wanajifunza wimbo wa kumshtukiza mchungaji, siku ya kumuaga."

"Kwaya."

"Ndiyo."

"Wewe uko sauti gani?"

"Ya pili."

"Imba."

Nilimtazama nikidhani sikusikia.

"Imba hiyo sauti ya pili."

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nikaanza wimbo wa kanisani tunaouimba kila mwezi wakati wa meza ya Bwana, na sauti ikatoka nyembamba, imepasuka, kama ya mtoto aliyekuwa akilia. Sauti ya pili ikiimbwa peke yake haina umbo. Inazungukazunguka mahali pamoja, mtu asiyeijua atadhani umekosea. Niliona kwamba haniamini. Nilifika mstari wa pili nikakwama, pumzi hakuna. Ndipo mwalimu, pale pembeni, chaki ingali mfukoni inamchafua, akaanza kuimba sauti ya nne. Alikuwa na sauti nzito ambayo hukuitegemea kwenye kifua chembamba vile. Alinishika kwa chini, nami nikaweza kuendelea. Tuliimba beti mbili tukitazama ukuta. Sijawahi kuimba kwa hofu namna ile, na namwomba Nyasaye, Mungu wetu, nisiimbe tena.

Mnene alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Chukua kompyuta yako uende," kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimchelewesha.

Nje, chini ya kivuli cha ukuta, ilikuwa imesimama pikapu ya mzee wa duka la vyuma. Alikuwa amefunga duka, akauliza njia nzima tangu Rongo, akaipata ile nyumba, akakaa akisubiri bila kujua kama kuna wa kusubiriwa. Alinifungulia mlango.

"Watoto wako kwangu, mama. Wamekula."

Hakuuliza lingine mpaka tulipofika. Nilitaka kumtafuta yule mwalimu nimuage, lakini walikuwa wameshamtoa kwa mlango wa nyuma. Kadi ilibaki kule, na kwenye mgongo wa kompyuta pakabaki pengo ambalo nililiziba kwa kipande cha karatasi ngumu ili mende wasiingie.

Shemeji alirudi baada ya wiki mbili, amekonda, ananuka samaki. Alikuwa amesikia. Alikuja jikoni nikiwa nakoroga uji, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Shemeji," akasema, "nilikuwa nimeziandika hapo zile karatasi. Si nyingi. Lakini nilizitia kwenye disketi nikazifuta zote kwenye mashine, na disketi niliitupa ziwani Muhuru."

"Na paswadi?"

"Niliweka usiku ule kabla ya kufuta, nisije nikakutwa. Halafu nikasahau kuiondoa. Nilikuwa na haraka." Akatazama chini. "Sikukwambia kwa sababu nilitaka ukiulizwa useme kweli kwamba hujui."

"Nilisema kweli," nikamwambia. "Nilisema kweli kila nilipoulizwa, na hakuna hata mara moja iliyonisaidia."

Alianza kulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku zote hizo kumpiga mwiko wa uji, na badala yake nilimsogezea kiti. Mume wangu aliporudi likizo tulimwambia nusu ya habari. Nusu nyingine aliisikia kwa watu.

Niliendelea na kazi ile miaka mingi, kwenye mashine ileile na baadaye nyingine. Karatasi zile ziliacha kuwa hatari, watu wakaanza kuziandika mchana kweupe na kugombania bei ya nakala. Lakini gari likipunguza mwendo mbele ya chumba changu, vidole viliacha kuandika vyenyewe mpaka lipite. Na nilianza kusoma. Kila kilicholetwa nikipige chapa nilikisoma chote kwanza, macho yangu yakiwa wazi, hata kama mteja alinung'unika.

Yule mwalimu nilimwona mara moja tu, miaka mingi ikiwa imepita, siku ya soko Rangwe, nilipokwenda kumzuru mama yangu. Alikuwa akichagua karanga. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, miwani ilikuwa nyingine. Tulitambuana kwa wakati mmoja, na sote wawili tukatazama kando kwanza kuona ni nani aliye karibu. Kisha akacheka kwa aibu.

"Mama, siku ile nilipokuuliza lile jambo. Ulidhani mimi ni mtu wao?"

"Ndiyo," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Na wewe ulipopaza sauti kwa Kiswahili, mimi nilijua wewe ndiye mtu wao. Nilijua wamekuleta unipime. Mwaka mzima nilikuwa nalala na viatu miguuni, tayari kukimbia."

Alinipimia karanga mkononi mwangu kutoka kwenye mfuko wake, nyingi, zikimwagika, tukasimama pale tukizimenya na kuzila, mpaka watu wake wakamwita.